Kumlisha na kumfanyisha mazoezi mwanamichezo wa miaka 13 hadi 18: mwongozo kamili

Katika shule nyingi za bweni chakula cha mchana hupakuliwa saa 7, mazoezi huanza saa 10 jioni, na chakula cha usiku hufika mezani saa 1 au saa 1 na nusu. Ndani ya saa hizo sita kijana wa miaka 15 amekaa darasani, amekimbia kilomita nane, amefua, ameoga, na hajatia kitu kinywani. Asubuhi alikunywa chai ya rangi na vipande viwili vya mkate. Kocha anaona miguu mizito, anadhani ni uvivu, anaongeza mizunguko. Hapo ndipo vipaji vingi vinapopotea, na aghalabu chakula chenyewe kipo stoo ya shule. Kinachokosekana ni kiasi chake na saa ya kuliwa.

Kijana anakula kwa ajili ya kazi mbili kwa wakati mmoja: kukua na kufanya mazoezi. Mtu mzima akipungukiwa chakula anakonda. Kijana akipungukiwa anaweza asikonde sana, lakini urefu unasimama, hedhi inakatika, mifupa inakuwa dhaifu na vidonda haviponi. Mwongozo huu unachukua mambo yaliyofanyiwa kazi Kenya, Japani, Norwei, Marekani, Uingereza na Jamaika, na kuyaleta kwenye sufuria na viwanja vyetu.

Andaa vitu vitano kabla ya kuanza: mizani ya kupimia watu, mizani ndogo ya jikoni (ya dukani inatosha), futi ya fundi cherehani, kikombe cha mililita 250, na daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila kijana.

Hatua ya kwanza: mpime anavyokua

Kila baada ya miezi mitatu mpime urefu. Iwe asubuhi, bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, kitabu kikilazwa kichwani. Asubuhi ni muhimu kwa sababu jioni uti wa mgongo umeshashuka, na unaweza kusoma upungufu wa sentimita nzima ukadhani hajakua.

Zidisha ulichopata kwa nne. Akiongezeka sentimita 2 kwa miezi mitatu, huo ni mwendo wa sentimita 8 kwa mwaka, na maana yake yumo katika kipindi cha kurefuka kwa kasi. Wasichana wengi hukifikia wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana 14, lakini tofauti ya miaka miwili mbele au nyuma ni ya kawaida kabisa. Katika kipindi hiki mifupa hutangulia na misuli hufuata nyuma. Kano inalivuta eneo laini la mfupa ambalo bado halijakomaa, naye anaanza kulalamika maumivu chini kidogo ya pia ya goti, au nyuma ya kisigino. Usimwambie avumilie. Punguza kuruka, mbio za kasi na kukimbia lami kwa theluthi moja au nusu mpaka aweze kuchuchumaa na kurukaruka bila maumivu. Mwache aogelee au aendeshe baiskeli. Akisimamishwa kila kitu kwa miezi miwili atarudi dhaifu na ataumia tena.

Akademi za mpira Uingereza zimejaribu kupanga baadhi ya mashindano kwa ukomavu wa mwili badala ya tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu wavulana wawili wa miaka 14 wanaweza kupishana kilo 20. Hapa kwetu aliyechelewa kukua ndiye anayeachwa nje ya kikosi, na nafasi yake huchukuliwa na mkubwa, wakati mwingine mkubwa wa umri uliopunguzwa kwenye karatasi. FIFA ilianza kupiga picha za kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI (picha inayoonyesha mfupa umekomaa kiasi gani) katika mashindano ya chini ya miaka 17 mwaka 2009 kwa sababu hiyohiyo. Mwenye mwili mdogo, mwenye akili ya mpira, mwekee nafasi. Miaka miwili baadaye huenda akawa ndiye mchezaji wako bora.

Hatua ya pili: piga hesabu ya sahani

Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliopima chakula cha wakimbiaji vijana wa Kikalenjin nchini Kenya. Asilimia 71 ya nguvu waliyokula ilitokana na wanga, asilimia 15 mafuta, asilimia 13 protini, na sehemu kubwa ya chakula chenyewe ilikuwa mahindi na maharage. Kwa kila kilo ya mwili walikuwa wanakula karibu gramu 8.7 za wanga na gramu 1.6 za protini kwa siku. Hicho ndicho kiwango ambacho wataalamu wa lishe wa nchi tajiri huwapangia wanariadha wao kwa vyakula vya pakiti. Ugali, maharage, sukumawiki na chai ya maziwa vinatosha kabisa, mradi vipakuliwe vya kutosha.

Viwango vya kufanyia kazi, kwa kila kilo ya uzito wa kijana, ni hivi. Siku ya pumziko au mazoezi mepesi, wanga gramu 5. Siku ya mazoezi ya saa moja hadi moja na nusu, gramu 6 hadi 7. Siku ya mazoezi mawili au mechi mbili, gramu 8 hadi 10. Protini iwe gramu 1.2 hadi 1.8 kila siku, ya pumziko ikiwemo, maana misuli hujengwa wakati wa kupumzika.

Tuseme msichana wa kilo 50 anayekimbia mita 1500, siku ya mazoezi ya saa moja na nusu. Anahitaji wanga gramu 350 na protini gramu 75.

Saa 12 na nusu asubuhi: uji wa ulezi, unga gramu 60 (vijiko vya chakula vilivyojaa kama sita), maziwa mililita 250, sukari vijiko vya chai 3. Wanga 67, protini 12.

Saa 4: kiazi kitamu cha kuchemsha gramu 200 na yai moja. Wanga 40, protini 9.

Saa 7 mchana: ugali wa unga gramu 110, maharage gramu 60 yakipimwa makavu, mchicha, chungwa au kipande cha limau. Wanga 121, protini 22.

Saa 9 na nusu: ndizi mbivu mbili. Wanga 45, protini 2.

Mara baada ya mazoezi: mtindi mililita 250. Wanga 12, protini 8.

Saa 1 na nusu usiku: wali wa mchele gramu 90, dagaa wakavu gramu 30 wa kuunga kwa nyanya na kitunguu, kisamvu au tembele. Wanga 71, protini 22.

Jumla ni wanga 356 na protini 75. Mafuta ya kupikia na ngumi moja ya karanga vinajazia nguvu iliyobaki. Wavulana wa kilo 65 waongezewe karibu theluthi moja ya kila kitu, na hasa ugali.

Kosa linalofanyika zaidi ni kupima ugali kwa macho. Gramu 110 za unga zikisongwa hutoa bonge kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye bwalo msichana hupakuliwa nusu yake, na mara nyingi hujipunguzia mwenyewe kwa kuogopa kuambiwa mlafi. Pima mara moja tu, unga mkavu kwenye mizani, songa, weka kwenye sahani, mwonyeshe mpishi na mwonyeshe kijana. Baada ya hapo jicho limeshajifunza.

Makande yanastahili kuzungumziwa peke yake, maana hakuna chakula cha mwanamichezo chenye faida kubwa kwa bei ndogo kama hiki (Kenya huita githeri). Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, na maharage yanayo tele. Maharage yanapungukiwa methionini, na mahindi yanayo. (Laisini na methionini ni vijenzi vya protini.) Vikiwa chungu kimoja vinakamilishana. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, sehemu mbili za mahindi kwa moja ya maharage, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka punje ipasuke. Kumwaga maji ya kulowekea kunapunguza gesi tumboni, na pia kunaondoa sehemu ya vile vitu vinavyozuia madini ya chuma yasifyonzwe. Chumvi tia mwishoni. Hili wapishi wengi wanalijua. Wanalosahau ni saa. Makande yakiliwa saa 9 na mazoezi yakaanza saa 10, kijana atashika ubavu mzunguko wa tatu. Yape saa tatu kamili.

Hatua ya tatu: ziba pengo la alasiri

Kanuni ni rahisi. Mlo kamili uishe saa tatu kabla ya mazoezi. Dakika 45 hadi 90 kabla, kitu chepesi cha wanga: ndizi mbili, vipande viwili vya mkate na jemu, muhogo wa kuchemsha kidogo, au tende tano. Epuka chipsi, sambusa na maandazi muda huu. Mafuta hukawiza chakula tumboni na damu inahitajika miguuni.

Baada ya mazoezi, ndani ya saa moja, apate wanga na protini pamoja: maziwa, mtindi, uji wa karanga, au chai nzito ya maziwa yenye sukari na kiazi. Wakimbiaji wakubwa wa Kenya waliofuatiliwa katika utafiti uliotoka mwaka 2004 walikuwa na desturi ya chai ya maziwa yenye sukari mara tu watokapo mbioni. Inafanya kazi. Lakini desturi hiyo ina kasoro moja kwa vijana, nayo tunaifikia.

Kama shule haina bajeti ya vitafunio, hamisha, usiongeze. Chukua robo ya chakula cha usiku, ukitoe saa 12 jioni uwanjani kama uji kwa ndoo na vikombe. Gharama ni ileile, na faida huonekana ndani ya wiki mbili kwa namna wanavyomaliza mazoezi ya siku ya pili.

Hatua ya nne: linda damu na mifupa

Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 hivi za madini ya chuma kwa siku, mvulana 11. Mkimbiaji hupoteza zaidi kwa jasho na kwa kupigapiga nyayo ardhini, na kwetu malaria na minyoo ya safura huongeza hasara. Dalili ni uchovu usioeleweka, moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo, kutamani kula udongo au barafu, na muda wa mbio kuporomoka bila sababu.

Vyanzo ni maini mara moja kwa wiki, dagaa, nyama, maharage, mchicha. Chuma cha mboga hufyonzwa vibaya kikiwa peke yake, ndiyo maana chungwa, embe, limau au nyanya mbichi ziwepo sahani hiyohiyo. Na hapa ndipo kasoro ya chai: ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma kwa kiasi kikubwa. Chai isogezwe saa moja baada ya mlo. Kwa familia na shule zilizozoea chai na kila kitu, badiliko hili moja lina thamani kuliko vidonge. Dawa ya minyoo itolewe kwa ratiba ya kituo cha afya.

Msimpe kijana vidonge vya chuma bila kupima damu, na sindano msiikaribie. Japani iliingia katika balaa hilo: makocha wa mbio ndefu za shule za sekondari walikuwa wakiwapeleka wasichana kuchomwa chuma ili wakimbie vizuri, mpaka chama cha riadha cha nchi hiyo kikaanza kutoa maonyo mwaka 2016 na kikaweka mwongozo wa kukomesha. Chuma kilichozidi hakina njia ya kutoka. Kinakaa kwenye ini na moyo.

Mifupa inataka kalsiamu, miligramu 1300 kwa siku umri huu. Kikombe cha maziwa kina karibu 300. Dagaa wanaoliwa na miiba yao, ulezi na mboga za majani vinajazia.

Kwa wasichana kuna kipimo kisicho na gharama, nacho ni hedhi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2014 iliipa jina rasmi hali ya mwili wa mwanamichezo kukosa nguvu ya kutosha, ikaihuisha miongozo yake mwaka 2023. Ikiwa msichana hajavunja ungo akifika miaka 15, au hedhi imekatika miezi mitatu, aongezewe chakula, apunguziwe mazoezi, na apelekwe kwa daktari. Yapo mabenchi ya ufundi yanayochukulia kukatika kwa hedhi kama ishara kwamba mazoezi yamekolea. Ni hatari kubwa. Mfupa unaopaswa kujengwa miaka hii hauna miaka mingine ya kujengwa. Mazungumzo haya ayafanye mwalimu wa kike, matroni au mama mzazi, kwa faragha, na tarehe aziandike msichana mwenyewe. Wavulana nao hupatwa: kwao dalili ni kusimama kwa urefu, mafua yasiyoisha na mifupa kupata ufa.

Hatua ya tano: maji

Mpime uzito kabla ya mazoezi na baada, akiwa na nguo chache, amejifuta jasho. Mfano: alikuwa kilo 50.0, amerudi 49.2, na njiani alikunywa mililita 300. Jasho lake ni lita 1.1. Apewe lita moja hadi 1.2 kidogokidogo katika saa mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye chumvi. Upungufu usizidi asilimia 2, yaani kilo moja kwake. Akirudi mzito kuliko alivyoondoka, amekunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni baya kwa sababu linapunguza chumvi ya damu.

Mazoezi ya chini ya saa moja yanataka maji matupu. Yakizidi dakika 75, au mashindano ya siku nzima, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 15 vya sukari vilivyosawazishwa (gramu 60), robo kijiko cha chai cha chumvi, na limau. Madafu ni mazuri lakini yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, hivyo ayanywe na karanga zenye chumvi. Mchanganyiko huu si dawa ya kuhara. Ile ina vipimo vyake.

Pwani, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kuanzia Januari hadi Machi, fanyeni mazoezi kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Kijana akianza kuongea ovyo au kuyumba kwa joto, poza kwanza, safirisha baadaye: kivulini, maji mengi mwili mzima, upepo, vitambaa vya baridi shingoni na kwapani. Dakika za kwanza ndizo zinazookoa ubongo.

Hatua ya sita: panga wiki yake

Hapa nchi zimetofautiana sana, na matokeo yake yanafundisha. Norwei tangu 1987 ina kanuni za michezo ya watoto: kabla ya mwaka mtoto anaotimiza miaka 11 hakuna jedwali la matokeo, na hakuna mashindano ya ubingwa wa taifa kabla ya miaka 13. Watoto hucheza michezo mingi, na bado nchi hiyo ndogo iliongoza kwa medali Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 2018 na kwa dhahabu 2022. Japani ilikuwa upande wa pili, klabu za shule zikifanya mazoezi kila siku ya mwaka, hadi mwaka 2018 serikali ilipotoa mwongozo: angalau siku mbili za pumziko kwa wiki, saa 2 siku za masomo, saa 3 mwisho wa wiki. Mwaka 2020 besiboli ya sekondari ikaweka ukomo wa mipira 500 kwa mrushaji mmoja ndani ya wiki, kwa sababu viwiko vya vijana vilikuwa vinaumia. Madaktari wa watoto Marekani wanashauri siku moja au mbili bila mchezo kila wiki, na jumla ya miezi miwili au mitatu kwa mwaka mbali na mchezo mmoja.

Kipimo chepesi cha kukumbuka: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake. Wa miaka 14, saa 14 ndiyo dari, na wengi wanahitaji nusu ya hapo.

Wiki ya mkimbiaji wa miaka 15 iweje? Jumatatu, kukimbia taratibu dakika 35, mwendo ambao anaweza kuongea sentensi nzima, kisha nguvu dakika 20. Jumanne, kasi: mita 300 mara sita, kupumzika dakika 3 katikati. Jumatano, pumziko. Alhamisi, taratibu dakika 40, kisha mita 80 mara sita kwa mwendo mzuri bila kukaza. Ijumaa, mchezo mwingine, mpira au netiboli, na nguvu tena. Jumamosi, dakika 50 hadi 60 njia ya udongo. Jumapili, pumziko. Kila wiki ya nne punguza theluthi. Ukiongeza umbali, usiongeze kasi wiki hiyo.

Mazoezi ya nguvu hayadumazi urefu. Huo ni uzushi wa zamani. Kuchuchumaa 10 mara tatu, pushapu 8 mara tatu, kuinua visigino 15 mara tatu, planki sekunde 30 mara tatu, na lile la kupiga magoti mwenzako akikushika vifundoni huku ukijiachia mbele polepole, mara 5 kwa seti mbili. Hili la mwisho linalinda misuli ya nyuma ya paja kuliko kunyoosha viungo. Kwa timu za mpira, ule mpango wa FIFA 11+, wa kupasha mwili moto kwa dakika 20, mara mbili au tatu kwa wiki umethibitika kupunguza majeraha. Kinachoharibu ni kuufanya nusu nusu, wachezaji wakipiga soga.

Usingizi: saa 8 hadi 10. Shule ambayo masomo ya usiku huisha saa 4 na kengele hulia saa 10 alfajiri inampa kijana saa sita. Hapo usiweke mazoezi ya alfajiri kabisa, hata kama timu ya jirani inayafanya. Omba wanamichezo walale dakika 30 mchana.

Siku ya mashindano

Champs ya Jamaika, mashindano ya shule za sekondari yaliyoanza mwaka 1910, humfanya kijana akimbie mchujo, nusu fainali na fainali ndani ya siku chache. UMISSETA (michezo ya shule za sekondari Tanzania) na michezo ya shule za Kenya ni vilevile, mechi mbili kwa siku si ajabu. Mlo wa asubuhi uishe saa tatu kabla ya mchujo: wali, mkate au uji, yai moja, mafuta kidogo. Kati ya raundi, pengo likiwa chini ya saa moja ni kinywaji chenye sukari tu. Saa moja hadi mbili, ndizi au mkate na asali. Zaidi ya saa tatu, wali mchache na kuku asiye na ngozi. Usijaribu chakula kipya siku hiyo. Safari ya basi ndiyo huharibu timu: kachumbari na nyama za kituoni, kisha kuhara. Bebeni viazi, mayai ya kuchemsha ya siku hiyo, ndizi, mikate na maji yenu.

Mwezi wa Ramadhani

Kwa kijana anayefunga, mazoezi magumu yawe mawili tu kwa wiki na yafanyike baada ya tarawehe, saa 3 na nusu usiku hivi. Futari ianze kwa tende tatu, maji na uji. Mlo wa pili uje baada ya sala ya magharibi, usio na mafuta mengi. Baada ya mazoezi, maziwa na ndizi. Daku kiliwe karibu na adhana, kiwe mlo kamili wa wanga na protini, wala si chai na mkate. Maji lita mbili hadi mbili na nusu zigawanywe usiku mzima. Jioni kabla ya magharibi kunafaa mazoezi mepesi ya kuchezea mpira mguuni au kunyoosha viungo, yakiisha adhana inapolia.

Uzito wa ulingo

Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo Marekani walifariki ndani ya wiki chache walipokuwa wakijikausha jasho ili watimize uzito. Kanuni za sekondari huko sasa zinapima mkojo kwanza kuona kama mwili una maji ya kutosha, zinakataza mvulana kushuka chini ya asilimia 7 ya mafuta ya mwili na msichana asilimia 12, na kupoteza zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito kwa wiki. Bondia wa miaka 16 mwenye kilo 54 asipoteze zaidi ya gramu 800 kwa wiki. Bado anakua; apandishwe daraja la uzito.

Vya kuacha

Mayai mabichi: mwili unatumia karibu nusu ya protini yake, wakati la kuchemsha hutumika asilimia 90. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini: madaktari wa watoto Marekani walisema tangu 2011 kwamba havimfai mtoto wala kijana, na Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014. Poda za misuli: kipimo kimoja cha gramu 25 za protini ni mayai manne, na yai halina dawa iliyofichwa. Sheria ya dawa za michezoni haijali nani alikupa; kilichokutwa mwilini ni chako. Diklofenaki (dawa ya maumivu) kabla ya mechi: inaficha jeraha, na kwa mwili uliokauka maji inaumiza figo.

Daftari la kila siku

Mistari mitano kila asubuhi: saa alizolala, uzito, rangi ya mkojo, hamu ya kula, mahali panapouma. Siku mbili mfululizo mistari mitatu ikiwa mibaya, siku hiyo ni pumziko. Na kuna alama moja ambayo haisubiri siku ya pili: maumivu ya mfupa anayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, kwenye muundi, juu ya unyayo au kinenani, yanayozidi akikimbia na kuuma hata usiku. Simamisha mbio zote, mpeleke hospitali. Eksirei ya wiki ya kwanza huweza isionyeshe ufa. Akirudi na majibu kwamba yuko salama lakini kidole bado kinapata palepale, asikimbie, na picha irudiwe baada ya wiki mbili au tatu.